Bwalo Lililojaa Pomoni: Mafunzo Niliyopata Sugoi

Shule ikijaa, wazo la kwanza huwa ni kujenga. Bodi hukutana, mwanakandarasi huitwa, wazazi huandikiwa barua ya mchango, na msingi wa bwalo jipya huanza kuchimbwa kando ya lile la zamani. Mimi nilikuwa mwalimu msimamizi wa bwalo katika shule moja ya kutwa na bweni huko Sugoi, upande wa Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Fedha za kujenga hatukuwa nazo. Tulichoweza ni kulipanga upya bwalo tulilokuwa nalo, kuanzia stoo hadi ndoo ya makombo, ili litoshe watu, litumie kuni chache na lisitupe chakula.

Wengi hulijua jina la Sugoi kwa sababu ndiko nyumbani kwa Rais William Ruto. Wakazi wake hulijua kwanza kwa mahindi na maziwa. Shule iliyozungukwa na mashamba ya mahindi haina udhuru wa kulisha vibaya. Kwa hiyo haya hapa niliyojifunza, na mengi yatafaa hata shule zilizo mbali na Bonde la Ufa.

1. Hesabu foleni kabla ya kuhesabu matofali

Chanzo cha msongamano hakina siri. Elimu ya msingi bila malipo ilirudi mwaka 2003, karo ya sekondari za kutwa ikapunguzwa mwaka 2008, na kuanzia Januari 2018 serikali ikashikilia kwamba kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Hayo ni mambo mema. Madarasa yakaongezwa, vitanda vikaongezwa, bwalo likabaki vilevile.

Hata hivyo, nilipoanza kusimama mlangoni na saa mkononi, niligundua kwamba bwalo letu halikuwa limejaa. Kilichojaa ni mlango na dirisha la kupakulia; meza za nyuma zilikaa tupu kwa muda mrefu zikisubiri watu waliokuwa bado wanasukumana mbele. Piga hesabu mwenyewe: mwanafunzi mmoja akichukua sekunde 6 kupakuliwa, wanafunzi 600 kwenye dirisha moja watamaliza saa nzima. Wagawe kwenye madirisha manne, watamaliza kwa dakika 15. Kwa hesabu hiyo, wakati wa chakula ulikuwa ukiliwa na foleni, na mwenye njaa hana miiko: mkubwa anamruka mdogo, sahani inamwagika, mwalimu wa zamu anashika fimbo ya kuelekeza watu kana kwamba anachunga.

Tuliongeza madirisha kwa kutoboa ukuta uliokuwepo. Tukatenga ugali na mboga, kwa sababu mpishi anayekata ugali na kuteka mboga kwa mikono hiyohiyo huchelewesha kila aliye nyuma. Mlango mmoja ukawa wa kuingia tu, mwingine wa kutoka tu, na mahali pa kuoshea sahani pakahamishiwa nje, upande wa kutoka. Vidato vya chini vikatangulia kuingia. Kabla ya hapo, wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wakifika dirishani mboga zikiwa maji matupu.

Nairobi kuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hilihili. Shirika la Food4Education, ambalo Wawira Njiru alilianzisha Ruiru mwaka 2012 akiwalisha watoto 25, leo linapika katika majiko makubwa ya pamoja na kusambaza chakula shuleni, na tangu 2023 linashirikiana na kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa akapita. Malipo na orodha vimekwisha kabla ya mtoto kufika kwenye sufuria. Sisi hatukuwa na bangili, lakini somo ni lile lile: kazi yoyote inayoweza kufanywa mbali na dirisha isifanyiwe dirishani.

2. Muulize mpishi kabla ya kumuuliza fundi

Mpishi wetu mkuu alikuwa mama wa makamo ambaye wanafunzi wote walimwita Kogo, yaani nyanya, kama ilivyo desturi ya Wakalenjin kwa mama aliyepevuka. Siku tuliyokuwa tukipima mahali pa madirisha mapya, alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama kando ya lile dirisha la zamani.

“Mwalimu, hili nalo mlishushe.”

“Lina shida gani, Kogo?”

Akachukua upawa uliojaa maharagwe, akaunyanyua hadi kwenye kizingiti. Kiwiko kilipanda kikawa usawa wa sikio, na mchuzi ukaanza kumdondokea kwenye mkono. “Fanya hivi mara mia, halafu uniulize shida ni gani.”

“Na fundi alipokuwa akijenga, ulimwambia?”

“Nani aliniita?”

Dirisha lilishushwa hadi kiunoni. Kuanzia hapo nilikuwa nikiwasikiliza wapishi kabla ya kuandika chochote. Wao ndio walioniambia kwamba rundo la kuni lilikuwa upande usiofaa wa jengo, kwamba mlango wa stoo ulifunguka kuelekea mahali sufuria la moto linapopita, na kwamba karai la kuoshea mboga likiwekwa karibu na bomba litaokoa safari nyingi za ndoo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye mchoro wa jengo.

3. Kuni mbichi ni maji unayoyanunua kwa bei ya moto

Katika bajeti ya shule za bweni, kuni hushindana na nyama. Kamati nyingi huzizungumzia bei ikipanda tu, kama ilivyotokea baada ya Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyodumu hadi Julai 2023. Eneo letu lina historia yake pia. Kwa miaka mingi mashamba mengi kandokando ya Eldoret yalikuwa ya miwati ya kampuni ya EATEC, iliyochemsha magome yake kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Mashamba hayo yaliuzwa, miwati ikapisha mahindi, ngano na nyumba. Kuni zikawa jambo la lori na bei ya dalali.

Tulijifunza mambo matatu. La kwanza, mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia jikoni, moto utakausha mti kwanza kabla ya kuchemsha sufuria, na moshi utawatoa wapishi machozi kutwa. Kibanda cha bati kisicho na kuta, chenye sakafu iliyoinuliwa, na kuni zilizopasuliwa na kupangwa muhula mmoja kabla ya kutumika, vilibadilisha jiko kuliko kitu chochote tulichonunua.

La pili, jiko lenyewe. Sufuria kubwa juu ya mawe hupoteza joto pande zote. Majiko sanifu ya taasisi, yale ambayo sufuria huzama ndani ya ukuta wa matofali na moshi kupanda kwa dohani, yamekuwepo Kenya tangu miaka ya 1980, wakati wakfu wa Bellerive wa Sadruddin Aga Khan ulipoyaingiza mashuleni. Jiko la aina hiyo likitunzwa linaweza kuokoa nusu ya kuni. Lakini likitunzwa: dohani isiyozibuliwa na mlango wa jiko uliovunjika hulirudisha kwenye hali ya mafiga. Kabla ya kununua jiko, tafuta fundi wa karibu atakayelikarabati.

La tatu, tazama shamba. Baada ya mavuno, magunzi hurundikana kila boma. Wazazi walipoleta mahindi tuliwaomba walete na magunzi, na uji wa asubuhi ukawa unapikwa kwa hayo. Mkakati wa kitaifa wa upishi safi wa 2024 hadi 2028 unazisukuma shule kuelekea gesi na nishati nyingine safi, na ndiko tunakopaswa kwenda. Lakini shule isiyojua inatumia kuni kiasi gani kwa juma haitajua gesi itagharimu kiasi gani.

4. Milimani githeri huanza usiku uliotangulia

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Sugoi haiko chini sana ya hapo. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Unaweza kuchochea moto mpaka mfuniko uruke. Maji hayatapanda zaidi ya hapo, yatakauka tu. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva upesi Mombasa hutaabisha mpishi wa Uasin Gishu, na ndiyo maana walimu wengi waliohamishiwa huku kutoka pwani hudhani wapishi ni wavivu.

Dawa yake ni ya bure. Mahindi na maharagwe ya githeri yaloweshwe jioni katika maji safi, na maji hayo yamwagwe asubuhi. Mfuniko ukae juu ya sufuria, na juu ya mfuniko uwekwe uzito. Mchemko ukishaanza, kuni zipunguzwe, kwa sababu mchemko wa polepole na mchemko wa fujo huwa na joto moja. Maharagwe yawe ya msimu huu; yaliyokaa stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata ukiyapikia msitu mzima.

Kulowesha kulitatua na foleni. Chakula kilichokuwa kikichelewa, na kuwakusanya wanafunzi mlangoni wakigonga sahani, kikaanza kuwa tayari kengele inapolia.

5. Ndoo ya makombo husema ukweli

Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu chakula kinachotupwa, iliyotolewa 2024, ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kwamba asilimia 28 yake ilitoka mahali pa kulia kama mikahawa na mabwalo. Takwimu za dunia hazimshtui mtu. Ndoo humshtua.

Tuliweka ndoo za rangi tofauti kwenye mlango wa kutoka: moja ya ugali, moja ya mboga, moja ya githeri. Kiranja wa bwalo alizipima kwa mizani ya stoo na kuandika. Kabla ya mwisho wa muhula daftari lilikuwa limetuambia mambo ambayo mikutano haikutuambia.

Ugali ulitupwa zaidi siku ambazo kantini iliuza mandazi wakati wa mapumziko ya saa nne. Watoto walikuwa wakifika mezani wameshashiba unga wa ngano. Kabeji iliachwa kwa sababu ilikatwa pamoja na mashina yake. Ilipokatwa nyembamba na kukaangwa kidogo na kitunguu, ndoo yake ilikaribia kuwa tupu. Na mwanafunzi mwembamba wa kidato cha kwanza alikuwa akipewa bonge la ugali sawa na la mchezaji wa raga, halafu yule mchezaji anarudi bwenini na njaa. Tukaanzisha utaratibu wa kupakua kiasi kwanza, kisha anayetaka arudi kuongezwa. Wazee wa bodi waliogopa kwamba chakula kingeisha. Kilitosha zaidi.

Makombo yaliyobaki hayakutupwa. Ya ugali na mboga yalikwenda kwa mfugaji wa nguruwe aliyeleta ndoo zake mwenyewe, na maganda mabichi yakawa mboji ya shamba la sukuma wiki.

6. Ndoo ikikuonyesha wadudu, nenda stoo

Ile ndoo ya githeri ilikuwa na kisa chake. Wanafunzi walikuwa wakichagua maharagwe yenye matundu na kuyaweka ukingoni mwa sahani, moja moja. Huwezi kumlaumu mtoto. Chakula hicho kilikuwa kimeharibika miezi kadhaa kabla ya kupikwa.

Shule nyingi za Uasin Gishu hupokea sehemu ya karo kwa mahindi na maharagwe, jambo jema linalomsaidia mkulima asiye na fedha taslimu. Lakini mahindi huvunwa mwishoni mwa mwaka, na mvua zisizotarajiwa huyakuta bado hayajakauka. Mahindi ya kuhifadhi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupima atumie chupa: tia mahindi kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, itikise, uiache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Mzazi akishaona chupa kwa macho yake habishani nawe.

Hili si la ladha tu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Ukungu hauna mipaka ya kaunti.

Tuliinua magunia juu ya mbao, tukayaacha mbali na ukuta, tukanunua magunia yasiyopitisha hewa kwa ajili ya maharagwe, na tukashikilia sheria moja: kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Fukusi na dumuzi wakapungua, na yale maharagwe ya ukingoni mwa sahani yakapungua nao.

7. Paa ni shamba la maji

Bwalo safi huhitaji maji mengi: ya kupikia, ya mikono, ya sahani, ya sakafu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Eneo la Eldoret hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo paa la bwalo la mita 20 kwa 10 hupokea zaidi ya lita 200,000, na hata sehemu yake ikipotea, kinachobaki ni kingi. Kilichokosekana kwetu kilikuwa mifereji, wavu wa kuzuia majani na tangi.

Maji ya sahani yana mafuta na sabuni. Ukiyamwaga moja kwa moja kwenye sukuma wiki utazidhuru. Yapite kwanza kwenye shimo dogo lenye kokoto linalonasa mafuta, kisha yaende kwenye migomba. Migomba huyavumilia, na wala haidai malipo.

8. Usimtwike ng'ombe mmoja mzigo wa shule nzima

Kila mkutano wa wazazi hapa kwetu huwa na mtu anayesimama kusema, “Tuna ng'ombe, tuchimbe bayogesi.” Ni wazo zuri lenye mipaka. Kinyesi huchanganywa na maji nusu kwa nusu, na ng'ombe wawili au watatu wa zizini hutosha jiko la familia moja. Familia moja si bwalo. Shule yenye ng'ombe wachache wa maziwa itapata gesi ya kuchemshia chai na maziwa, na mbolea nzuri ya kumimina shambani. Githeri ya mamia ya watoto itaendelea kudai jiko lingine. Ukiahidi zaidi ya hapo, mtambo utaachwa mwaka wa pili na hakuna atakayethubutu kulitaja jambo hilo tena.

Maziwa yenyewe yana faida isiyohitaji mtambo. Waliosoma enzi za Rais Moi wanakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979. Katika kaunti inayokamua kama yetu, chai ya rangi kwa mtoto ni aibu.

9. Hesabu ibandikwe ukutani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulibandika karatasi moja kwenye mlango wa bwalo: magunia yaliyotumika juma hilo, kuni zilizochomwa, uzito wa makombo. Wanafunzi waliisoma wakiwa kwenye foleni. Wazazi waliisoma siku ya kutembelea watoto. Mwenye kuuza kuni aliisoma pia, na hesabu ya mzigo wake ikawa sahihi kuliko zamani.

Karatasi hiyo ndiyo iliyolinda kila kitu nilichotaja. Mwalimu huhamishwa, mwalimu mkuu hubadilishwa, mpishi hustaafu. Utaratibu uliomo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye. Uliobandikwa ukutani humlazimisha anayefuata auendeleze au aeleze kwa nini ameuacha.

Sisemi kwamba shule zisijenge kamwe. Zipo ambazo hata zikipanga foleni vipi, watoto watakula wamesimama mvuani, na hizo zinahitaji kuta na paa. Lakini wewe mwalimu mkuu, na wewe mwanachama wa bodi unayesubiri mchoro wa bwalo jipya, kabla hamjamlipa mwanakandarasi, wekeni ndoo tatu kwenye mlango wa kutoka, mizani na daftari, muda wa muhula mmoja. Kaeni mezani pamoja na wapishi wenu. Kisha amueni. Huenda mkaona bado mnahitaji bwalo kubwa zaidi, na angalau mtajua ukubwa gani. Na huenda mkaona kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kwa kununulia jiko zuri, tangi la maji na maharagwe yasiyo na matundu.